Jina la Duka la Zahid

Bugarama, 14 Novemba 1999

Mdogo wangu Masalu,

Habari za Dar? Mimi kifua kinabana kwa vumbi la mashimo ya dhahabu, ila nachimba.

Uliniuliza jina kamili la duka la Zahid, Kahama. Hukusema la nini. Juzi Zahid kaniambia, "Masele bwana, tumetaka kusajili jina la duka kwenye intaneti, kumbe mtu wa Dar kashalichukua, anataka tulinunue! Jina la babu yangu!"

Ni wewe?

Huku watu hupanda vijiti vya kudai eneo kwenye ardhi wasiyoichimba, wakingoja mnunuzi. Hata mimi nilipanda. Jana nimeving'oa, mjane Mbuke akaingia na sururu yake.

Mrudishie Zahid jina lake. Ukikataa, nitamtajia lako.

Kaka yako,
Masele