Taulo Zilizokunywa Uji

Jumapili, 21 Januari 2007. Kitale.

Jua la leo halina adabu, na vumbi la mahindi yanayopukuchuliwa limeingia hadi humu saiba, kwenye kompyuta za kukodi. Nimetoka kanisani moja kwa moja, hata viatu vya Jumapili sijavua. Nina furaha, na furaha yangu haijui kukaa kimya.

Kwa wewe uliyepotea njia ukafika kwenye blogu hii: mimi ni Mama Nekesa, mfumaji wa taulo. Mtambo wangu wa mbao uko sebuleni, mahali palipokuwa na kochi kubwa, na mume wangu Wekesa amezoea kula huku goti likigusa kanyagio. Mimi ni Mkikuyu wa hapa Kitale, yeye ni Mbukusu wa karibu na Chwele. Mama yake tunamwita Mayi, yaani mama kwa lugha yao. Habari ya leo ni yake.

Tangu niolewe, kila Krismasi nimempelekea Mayi taulo niliyofuma kwa mikono yangu. Anashukuru, anaiombea mikono hiyo, halafu taulo inaingia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Eti ya wageni. Wageni wakija, eti hawa bado si wageni wa taulo hiyo. Yeye mwenyewe hujifuta kwa kipande cha shuka kuukuu.

Mtu husema haijalishi. Mimi iliniuma. Nilikuwa nimeamini moyoni kwamba Mayi anaiona kazi yangu kama mchezo wa mwanamke asiye na shamba la kulima.

Basi mwezi huu Nafula, wifi yangu, akapata mchumba. Watu wa mchumba wangekuja kutoka Cheptais Jumamosi kuongea. Mayi akanipigia simu mwenyewe, hakumtuma mtu. Akataka taulo mpya za kunawia wageni, zote za kufanana, kwa sababu zile za sandukuni kila moja ina rangi yake. Nilipokata simu niliruka pale jikoni hadi Nekesa akaniuliza kama nimeumwa na siafu.

Nilitaka kitu kimoja tu. Mayi asimame mbele ya watu wa Cheptais na aone fahari kwa kazi yangu.

Nikatanda uzi mweupe, na pembeni mistari ya buluu. Nilichagua mfumo wa vijumba vidogo vidogo kama sega la nyuki, maana vijumba ndivyo vinavyokunywa maji. Sasa, taulo ikitoka mtamboni bado si taulo. Ni kitambaa kigumu cha kujikunia mgongo. Lazima uioshe kwa maji ya moto, uipigepige, uianike juani, ndipo uzi unavimba, vijumba vinajikunja na taulo inarudi kwenye ukubwa wake wa kweli. Nayapenda sana hayo masaa. Ijumaa mchana zilikuwa kwenye kamba, laini, nami nafunga matamvua huku nikiimba nyimbo za kwaya.

Heri ningeacha hapo.

Lakini nilizikunja, zikalala zimelegea. Nikaikumbuka sebule ya Mayi, vile vitambaa vya viti vyeupe vilivyotiwa stachi hadi vinasimama vyenyewe. Nikaziona taulo zangu huko, zimenyong'onyea kama za mtumba. Wahenga walisema kizuri chajiuza, lakini mimi jioni hiyo sikuwaamini. Nikapika stachi nzito ya unga wa muhogo, nikazitosa zote, nikazipiga pasi ya makaa. Zikatoka zimenyooka, kona kali za kukata keki. Wekesa akaipiga moja kwa kucha, ikalia ko, ko. Akaniuliza kama ni taulo ama ni mabati ya kuezekea. Nikamwambia hajui mambo ya maridadi.

Jana Jumamosi, saa ya chai ya asubuhi, wageni wakaketi sebuleni kwa Mayi. Mimi ndiye mke wa mwana wa nyumba, kwa hivyo kazi ya kunawisha ni yangu: jagi mkono wa kulia, beseni mkono wa kushoto, taulo juu ya mkono. Nikaanza na msemaji wao, mzee mrefu mwenye koti la kahawia. Nikainama, nikammiminia maji. Akachukua taulo, akajifuta. Maji hayakwenda popote. Akajifuta tena, na sasa stachi ikalainika. Akainua mikono tuione, vidole vimegandana, uji mweupe unateleza hadi kwenye saa yake.

Sebule nzima ikaikodolea macho mikono hiyo.

"Mama," akamwambia Mayi kwa upole kabisa, "hii tauro yenu imekunywa uji kabra yetu?"

Kicheko kilichofuata, hata kuku walikimbia mlangoni. Wazee wa Cheptais walicheka, baba mdogo wa Wekesa alicheka, Nafula aliyepaswa kuwa amejificha chumbani kwa heshima alisikika akicheka nyuma ya ukuta. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Sikuthubutu kumtazama Mayi. Niliwaza: mwaliko wa kwanza, na ndio wa mwisho.

Wageni wakanawa upya, wakajifuta kwa leso zao za mfukoni, na maongezi yakaanza. Wanaume wa huku wakianza kuongea mambo ya ng'ombe, jua linaweza kuzunguka nyumba nzima. Nikajua nina muda hadi chakula cha mchana. Nikazibeba taulo hadi nyuma ya jiko, nikazitumbukiza kwenye sufuria ya maji ya moto. Maji yakawa meupe kama maziwa. Nikamwaga, nikasuuza, nikamwaga tena, hadi nikauona mkono wangu chini ya maji. Nikazipiga kwenye jiwe la kufulia kwa hasira zote nilizokuwa nazo juu yangu mwenyewe. Nikazikung'uta, nikazitandaza juu ya ua, upepo na jua la Januari vikafanya iliyobaki.

Wakati wa ugali na kuku nikarudi na jagi langu. Mzee wa koti la kahawia aliponiona akashika leso yake mapema. Nikamnyooshea taulo. Ilikuwa imejikunjakunja, haina kona hata moja ya maringo. Akajifuta kiganja. Akajifuta kifundo cha mkono, kisha kiwiko ambacho hakikuwa na maji, kisha akaizika sura yake yote ndani na kukaa humo.

"Hii nayo?" akauliza alipotoka. "Hii mumenunua wapi?"

Nami nikatazama chini kama inavyompasa mke wa watu, lakini meno yangu yote yalikuwa nje.

Mayi akajibu kabla ya mtu mwingine yeyote. "Hakuna duka. Ni huyu wetu ametengeneza."

Huyu wetu! Nilirudi jikoni nikalia ndani ya moshi, ili nikiulizwa nisingizie kuni.

Wageni walipoondoka, maneno yamekubalika na Nafula ameacha kujificha, nikakusanya taulo. Nikazikunja vizuri, nikamletea Mayi azitie sandukuni. Nilisema nimeshukuru, na sikuwa na kinyongo tena. Mayi akazipapasa moja moja kwa kidole gumba, kama anayechagua mbegu, akachomoa moja. Akachukua ndoo yake ya maji akaenda kuoga.

Alitoka bafuni jua likizama, taulo mabegani, maji bado yanametameta shingoni. Akajifuta masikio taratibu, moja, halafu lingine. Nikasimama kuipokea niianike.

Akaivuta, akaishika kwa mikono miwili.

"Hii ni yangu, Mama Nekesa," akasema. "Ya wageni utafuma ingine."

Kesho asubuhi natanda uzi. Sijui tu nianze na rangi gani.