Feni na Sauti ya Mama Mdogo

Jumatano, 7 Mei 2025

Mama mdogo Pudentienne yuko hai! Miaka ishirini na tisa tumemwombea misa ya marehemu — kumbe yuko Australia. Walipotezana wakikimbia Burundi, yeye na mama. Juzi kanisani mama kapewa namba yake na mwanamke aliyekuwa na mama mdogo kwenye kambi ya wakimbizi. Leo tukampigia kwa video, kwenye laptop yangu. Simu ni ndogo mno kwa macho ya mama. Dakika kumi na mbili. Halafu kioo cheusi, laptop ya moto kama pasi. Mama akadhani mdogo wake ndiye aliyekata.

Alhamisi, 8 Mei

Nimeifungua. Feni ya kuipoza nzima, vumbi hakuna. Ila inachelewa kuzunguka, tangu niweke mfumo wa Linux. Digrii 97, yenyewe imelala tu! Joto likikaribia mia, laptop inajizima. Nimesoma mtandaoni mpaka macho yanauma. Kila mtu na lake.

Ijumaa, 9 Mei

Imana ishimwe, Mungu asifiwe, kwa Zephaniah! Jirani wa nyumba ya juu, kakulia Kampala, anafundisha kompyuta. Kapita kabla ya kazi, hata chai hakunywa. Kabadilisha mpangilio mmoja ili feni ikubali kuongozwa na mtu. Sasa naandika amri yenye namba, sifuri ya kuizima mpaka saba ya kasi yote. Nikaandika saba — ikavuma! Digrii 90, 74, 61. Nikapiga makofi.

Kanionya: ukishaishika wewe, mashine haiiongozi tena. Ukiishusha ukasahau, laptop itazimika kama juzi. Nikamuuliza nimpe nini. Eti nimsalimie mama mdogo.

Jumapili, 11 Mei

Wako hewani tangu saa nne. Naandika pembeni yao, jicho kwenye digrii. Feni saba, digrii 66. Dakika arobaini sasa! Wanataja watu wa nyumbani mmoja mmoja. Wanacheka, wanalia, wanacheka. Salamu za Zephaniah zimefika. Asante Mungu. Asante.

Mama anasema: simsikii, hiyo kitu iko inapiga kelele, izime! Mama mdogo ameanza kuimba — wimbo wa bibi wa kutwangia. Sauti ndogo kabisa.

Nimeshusha feni mpaka mbili. 79.

Mama kasogeza sikio mpaka kwenye kioo. Anaitikia.

86. Nimeshaandika saba, bado kubonyeza tu. Mama kanishika mkono. Bado, mwanangu, bado ubeti mmoja.

91 —