Salamu za Bi Somoe Kwenye Kikapu cha Saba

Jumatano, 18 Juni

Upepo wa kusi unapiga tangu alfajiri na nguo nilizoanika zimeanguka mara mbili. Sina raha, lakini sina huzuni pia. Nimejiwekea ahadi kwamba leo nitaandika yote yaliyotokea tangu juzi, pamoja na sehemu ambayo mama haijui.

Kwa ambaye hajafika Kilwa Masoko, tuna kiwanja cha gofu ya visahani. Unasimama penye jiwe, unarusha kisahani cha plastiki kuelekea kikapu cha chuma chenye minyororo, na anayemaliza vikapu vyote tisa kwa mitupo michache ndiye mshindi. Ni kiwanja cha watu wote, hakina uzio. Mwalimu mmoja wa kujitolea alikianzisha kabla sijazaliwa, na vikapu vya mwanzo alivyochomelea kwa rimu za baiskeli bado vimesimama na kutu yao.

Wageni wanakipenda. Wakati wa likizo mimi huwaongoza, kwa hiyo nimewaona wa kila aina. Kuna wanaopiga picha kila kikapu wakasahau kucheza. Kuna mama mmoja kutoka Mtwara ambaye kisahani chake kiliingia mikokoni. Alivua viatu akakifuata, akarudi na tope hadi magotini, akasema hajacheka hivyo tangu aolewe.

Wengi hulalamikia njia za miguu. Zinakatiza kiwanjani kwa sababu zilikuwepo kabla yake, na watu huzitumia kwenda mashambani. Mgeni anataka wapite upesi. Sisi tunasubiri.

Mwanzoni mwa kiwanja pana ubao. Kila likizo ya Juni jina la mshindi huandikwa pale kwa rangi nyeupe. Nimeyasoma majina hayo tangu nilipojua kusoma, na yote ni ya wageni. Hakuna hata moja la mtu wa Masoko.

Mwaka huu nilitaka liwe langu. Bado nataka.

Mashindano ni ya siku mbili, na mitupo ya siku zote mbili hujumlishwa. Tulibaki wawili, mimi na Doreen, msichana wa kidato cha tano kutoka Dar es Salaam aliyekuja kumtembelea shangazi yake. Hapa kila mchezaji anashika saa na kadi ya mwenzake. Zamu yako ikifika una nusu dakika ya kurusha. Ukizidisha unaongezewa mtupo mmoja, na kila nusu dakika nyingine mtupo mwingine.

Jumatatu, kwenye kikapu cha saba, nilikuwa nimeshainua mkono Bi Somoe alipotokea na beseni la muhogo kichwani. Bi Somoe ndiye aliyemsaidia mama siku niliyozaliwa. Nikashusha mkono, nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba, akauliza hali ya mama, mguu wa baba na masomo yangu. Nilimjibu yote, kwa sababu hayo hayajibiwi nusunusu.

Alipopita, Doreen alinionyesha simu yake.

"Umezidisha, mpenzi. Naandika mmoja."

"Nilikuwa nasalimia."

"Ungempungia mkono tu. Kanuni ni kanuni."

Akaandika. Jioni nilikuwa nimeshindwa kwa mtupo mmoja, ule ule.

Sikulia. Nilikuna nazi mpaka mama akaniuliza nazi imenikosea nini, na nilipomaliza kukuna nilikuwa nimeshajua nitakachofanya.

Nilikwenda kwa Bi Somoe. Nilimwomba kesho yake apite kiwanjani saa kumi, kwenye kikapu cha saba, nimtambulishe kwa mgeni wetu kutoka Dar. Nikamwambia nitambebea muhogo hadi nyumbani. Alifurahi. Alisema watoto wa siku hizi hawakumbuki kuwatambulisha wageni.

Hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Doreen asiposalimia, Masoko nzima itajua amelelewaje. Akisalimia, saa ninayo mimi.

Jana tulicheza sawa kwa sawa, mtupo kwa mtupo. Tulipofika kikapu cha saba niliona khanga ya Bi Somoe inakuja, na nakiri kwamba nilifurahi kuliko siku ya matokeo ya mtihani. Nikabonyeza saa.

Nilidhani Doreen atampungia mkono. Lakini Bi Somoe alitua beseni, akamnyooshea mkono. Doreen akaweka kisahani chini, akaupokea kwa mikono yake miwili, akapiga goti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ndiye wewe mgeni wetu? Wa nyumba ya nani?"

Doreen akamtaja shangazi yake. Bi Somoe akamuuliza wazazi, safari, na kama amekula samaki wa huku au anashinda na chipsi. Doreen akacheka, akasema anashinda na chipsi.

"Mmoja," nikasema.

Bibi akaendelea.

"Miwili."

Hapo Bi Somoe akanigeukia. "Unahesabu nini, mwanangu?"

Doreen ndiye aliyejibu, tena kwa adabu.

"Anahesabu mazungumzo yetu, bibi. Jana nilihesabu ya kwenu."

Bi Somoe akatutazama sote wawili. "Basi mtaniambia nimefikisha ngapi," akasema, akainama kuchukua beseni lake. Niliweka simu chini nimbebee. Akasema asihangaishwe mtu, mzigo ni wake. Akaondoka taratibu.

Nikaandika miwili kwenye kadi.

Doreen alitia saini bila ubishi. Nimemshinda jana kwa mitupo miwili, na ukijumlisha siku zote, nimeshinda mashindano kwa mmoja. Jumamosi asubuhi mwalimu anayesimamia kiwanja atafungua kopo la rangi.

Sijutii kumwona Doreen akipoteza. Nikimkumbuka alivyosema "ungempungia mkono tu", nasikia tena utamu wa kuandika ile miwili. Kinachonikera ni kwamba nimemtumia Bi Somoe kama jiwe la kurushia, na leo asubuhi nilipompigia hodi alinijibu salamu kwa neno moja tu. Hakuuliza mguu wa baba.

Nimepiga hesabu mara nyingi. Tukifuta mtupo wake kwangu na miwili yangu kwake, tuko sare. Itabidi turudie, na naweza kushindwa.

Mwalimu anasema kanuni zetu zilinakiliwa kutoka kitabu ambacho hakuna anayekijua kilipo. Kwa hiyo nakuuliza wewe uliyewahi kucheza hapa, au kwenye kiwanja kingine chochote, unijibu kabla ya Jumamosi saa nne: mtu akipita njiani na mchezaji akamsalimia, saa inaendelea kuhesabu au inasimama?