Nimebadilisha Injini ya Baba Mkwe, Mke Wangu Hajui

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na ukiona mwandiko unarukaruka unisamehe, maana nina furaha na hofu kwa wakati mmoja na sijui nishike ipi. Mimi ni fundi wa majokofu, mke wangu ni mwalimu wa hesabu, na tuna gari moja dogo jekundu la milango mitatu, la zamani, ambalo baba mkwe alilipenda kuliko kitu chochote chenye magurudumu, na alipofariki akamwachia binti yake, na binti yake akaniambia mbele ya ndugu zake wote, "Baba watoto, hili gari usiliguse, nalitaka kama alivyoliacha baba," nami nikasema sawa. Basi mke akaenda semina ya walimu wiki mbili, na siku ya pili tu injini ya marehemu, iliyokuwa inakohoa tangu zamani, ikanifia mikononi nikiwa naipasha moto, naapa sikufanya kitu kingine, na rafiki yangu wa gereji akasema anayo injini ya turbo iliyotolewa kwenye gari lililogongwa nyuma, nguvu yake karibu mara mbili ya ile, na hapo, mshauri, akili ikaniruka.

Tulikata vishikizi vya injini tukachomelea vingine, tukahamishia betri kwenye buti ili mabomba ya turbo yapate nafasi, tukafunga rejeta pana zaidi, na tulipowasha nikapiga kelele mpaka jirani akaja mbio na ndoo ya maji akidhani nyumba inaungua. Nikalitoa barabarani mara moja tu, nikakanyaga, kwanza kimya, halafu ule mluzi wa turbo, halafu mgongo umeganda kwenye kiti na mimi nacheka peke yangu kama mwehu! Sasa mke karudi na nimeshindwa kumwambia, kwa hiyo nimeweka kipande cha ubao chini ya pedeli ya mafuta isizame zaidi ya nusu, na injini ya marehemu nimeificha stoo chini ya magunia. Kila asubuhi analiendesha kwenda shuleni na jioni ananisifu, "Umelisafisha vizuri, linapumua." Vingine vyote nimeviacha vilevile kwa heshima ya marehemu, hata skrubu moja sikugusa. Nimwambieje bila kuvunja ndoa yangu?

Fundi Baridi

Fundi Baridi, hongera, na aibu yako. Mluzi huo nimeusikia mpaka hapa nilipokaa, lakini injini ikifa mwenye injini huambiwa imekufa, hafunikiwi magunia! Mwanamke anayesahihisha hesabu za watoto arobaini kila siku, ulidhani hatagundua jibu lako limekosewa?

Mimi barua ya mtu simsomei mwingine wa nyumba yake, miaka kumi na tisa sasa. Leo nimemwomba mwenye barua ruhusa na amenipa. Siku tatu baada ya yako ilifika nyingine, ya mwalimu wa hesabu. Alisikia gari linapiga mluzi usiokuwapo enzi za baba yake. Akaenda stoo kutafuta ndoo, akaikuta injini, akakaa juu yake akalia mpaka akatosheka. Kisha akachungulia chini ya pedeli isiyozama. Ubao wako anautoa kila asubuhi akishapita kona ya duka la dawa, na jioni anaurudisha palepale. Ananiandikia: "Mshauri, baba angelipenda mno! Nikikanyaga najiona nina miaka kumi na saba. Nimwambieje mume wangu kwamba najua? Anavyonichungulia dirishani nikiondoka, namwonea huruma kumharibia siri yake."

Nilicheka mpaka chai ikamwagika. Halafu nikazisoma tena barua zenu zote mbili nikitafuta neno moja, sikuliona. Breki. Umeongeza nguvu mara mbili ukaacha breki za marehemu kwa heshima! Heshima gani hiyo? Mzee alikuwa akizitumia kusimamisha injini inayokohoa. Wewe ulitegemea ubao, na ubao haupo.

Sikungoja gazeti litoke. Namba ya mkeo ilikuwa chini ya barua yake, nikampigia asiliendeshe tena. Gari limeegeshwa shuleni, chini ya dirisha la darasa lake, na ile hadithi ya betri kuisha aliyokupa juzi nimemtungia mimi.

Sasa inuka. Mwambie leo, kwa mdomo wako, kabla hujala. Kalivuteni kwa kamba hadi gereji, ubadilishe diski, pedi na mipira ya breki, mbele na nyuma, na fundi mwingine akague kazi yako. Injini ya marehemu isafishe, uiweke mahali ambapo binti yake ataiona. Ubao utie jikoni ukachemshie chai.

Ukishamaliza, mpe mkeo ufunguo, wewe kaa upande wa abiria na ufunge mkanda. Wewe ulilikimbiza mara moja. Yeye ndiye anayelijua.