Kaka Kahama Kompyuta kwa Ajili ya Bintiye

Shosti, acha unachofanya! Nimejifungia chooni kwa kaka yangu nisimcheke usoni.

Unaijua kompyuta yake ya kuchorea ramani za nyumba, aliyoisifia miaka kumi? Kaiuza! Eti aina ile haikubali gemu ya kujenga miji anayocheza bintiye huko kwa mama yake.

Dukani muuzaji kamwambia, "Mzee, gemu yenyewe nyepesi, chukua hii ndogo yenye feni nzuri." Kaka anachekelea kama bwana harusi!

Leo kaingia kwenye mji wa binti, humo ndani ya gemu. Hata dakika haijaisha, mtoto kamtoa. Kamtoa!

Kaka akamwandikia ujumbe: "Mwanangu, ni mimi, baba yako."

Mtoto kajibu neno moja, shosti. Moja!

"Najua."