Sindano ya Wiki ya Tatu

Jumatatu, 13 Januari

Geti. Tena geti. Lori linakuja, nainua mti wa kizuizi. Lori linapita, nashusha mti. Dereva wa kombaini ya kuvuna ngano miaka tisa, leo nainua mti.

Wenzangu wapo karakana wanafungua mashine. Elibariki amepewa namba saba. Namba saba yangu. Ana miaka ishirini na nne na anakanyaga klachi kama anaua nyoka. Leo kapita getini akanipa shikamoo, kumbe mimi siyo mzee, nina thelathini na tatu. Nimeitika marahaba. Nimeumia.

Bwana Tarmo, msimamizi wetu, hakunionea. Mwaka jana nilisinzia kwenye usukani mara mbili, mchana kweupe. Alisema orodha ya madereva wa mavuno itabandikwa mwisho wa Juni. Nikiwa mzima, atanipima upya. Nataka jina langu liwe pale. Sitaki kingine.

Alhamisi, 16 Januari

Wembe nimeununua mwezi wa tisa. Bado mpya. Ndevu hazioti.

Yote yalianza na matubwitubwi. Watoto wetu waliugua siku nne wakapona. Mimi nikaugua wiki tatu, yakashuka mpaka chini. Uvimbe ukaisha, lakini makende yamesinyaa, na nguvu zikaondoka pamoja na uvimbe. Sijamwambia mtu. Veronika anajua kwa sababu ni mke wangu.

Leo kanisema wazi. Kama sitaki kwenda hospitali, atakwenda yeye akaeleze shida yangu mbele ya foleni nzima. Atafanya kweli. Namjua.

Jumanne, 21 Januari

Hospitali ya Mbulu. Lori mpaka Dongobesh, basi mpaka mjini. Daktari ni mama wa makamo, rika la shangazi yangu. Nikasema shikamoo, nikatamani ardhi ipasuke. Akanipima pale pale panapopimwa. Hakucheka. Aliuliza maswali kama fundi anayesikiliza injini: usingizi, hasira, ndevu, hamu. Amechukua damu, inapelekwa mbali.

Nimerudi na aibu ya gunia zima.

Ijumaa, 14 Februari

Majibu. Mwili wangu hautengenezi tena homoni ya kiume ya kutosha. Inaitwa testosteroni. Ipo ya kutengenezwa kiwandani, imeyeyushwa kwenye mafuta, inachomwa kwenye nyama ya tako. Kila wiki tatu. Pengine maisha yote.

Nikauliza, nitapata tena watoto? Akasema hapana, dawa hii hairudishi mbegu, tena huzima hata kidogo kilichobaki. Amesema bila kuzunguka. Nimemshukuru kwa hilo. Sindano ya kwanza nimechomwa pale pale.

Nimemwambia Veronika jikoni. Nilitegemea alie. Akaendelea kukoroga ugali.

"Mabinti wawili tunao," akasema. "Mimi nataka baba yao aache kulala."

Jumapili, 2 Machi

Nimepanda kilima cha kanisa bila kupumzika. Sikusimama hata pale kwenye jiwe ambapo wazee wanajifanya wanaangalia mandhari. Nimeimba. Nimekula sahani mbili za makande. Nina njaa! Nilikuwa nimesahau njaa ikoje.

Ijumaa, 7 Machi

Sindano ya pili. Mvua za masika zikianza barabara itakuwa uji, kwa hiyo daktari kanipa vichupa vinne nivipeleke kwenye zahanati ya shamba. Muuguzi wetu Mama Neema atanichoma. Mwisho wa Mei nirudi kupimwa damu. Kasisitiza: wiki tatu, isipungue. Nimeitikia kama mwanafunzi.

Jumatano, 2 Aprili

Nimewaza sana getini. Sindano ya tatu nimechomwa Ijumaa iliyopita. Siku kumi za kwanza mimi ni simba. Siku za mwisho narudi kuwa paka. Sasa kwa nini nisubiri paka? Kichupa kimoja kimeniinua kutoka kitandani. Vitatu vitanipandisha kwenye kombaini.

Nimemwambia Mama Neema daktari kabadilisha, ni kila wiki. Akauliza, karatasi je? Nikasema imelowa mvua. Kanitazama. Kanichoma.

Nimedanganya, ndiyo. Juni haiko mbali.

Jumamosi, 26 Aprili

Vichupa vyote vimeisha. Nimebeba gunia la mbegu peke yangu toka stoo mpaka kwenye lori, watu wakapiga makofi. Ndevu zipo, Veronika analalamika zinachoma. Safi.

Lakini kichwa kinagonga tangu Jumatano. Uso mwekundu. Viatu vinabana jioni. Mgongoni chunusi kama kijana wa sekondari. Usingizi mbaya. Itapita.

Jumatatu, 5 Mei

Haikupita. Elibariki kasema mbele za watu kwamba namba saba imeshanisahau. Utani tu. Siku nyingine ningemjibu kwa utani. Leo nilimshika kola nikamgandamiza kwenye tairi, na sikumbuki nilivyofika pale. Wanaume wanne walinitoa.

Bwana Tarmo hakupaza sauti. "Paskali, mtu wa namna hii simpi mashine. Ukirudia mara moja, usisogelee hata orodha."

Nimeharibu. Kwa mikono yangu mwenyewe nimeharibu.

Jumanne, 6 Mei

Nimetumwa kukagua shamba la mashariki. Pale kwenye kona, mashine ya mbolea ilipogeukia, ilimwaga mara mbili. Ngano pale ilirefuka kuliko yote, nene, kijani cha kujivunia. Sasa imelala chini kipande kizima, shina limeshindwa kubeba. Kisu cha kombaini hakitaokota kitu.

Nimesimama nikajitukana kwa Kiiraqw cha nyumbani. Miaka tisa nawaeleza vibarua: mbolea ikizidi, ngano inalala. Nawaeleza kwa ukali. Kisha mimi huyo huyo!

Nimekwenda moja kwa moja kwa Mama Neema nikamwambia ukweli wote. Hakunigombeza. Amepima presha, akatoka nje kunitafutia lori.

Alhamisi, 8 Mei

Mbulu tena. Matope mpaka Dongobesh, tumesukuma lori mara tatu.

Damu imekuwa nzito. Daktari kasema homoni ikizidi, mwili unatengeneza damu kupita kiasi, na huku kwetu nyanda za juu damu ya watu ni nzito kidogo tangu mwanzo. Ikizidi zaidi inaganda. Kwenye mguu, kwenye pafu, kwenye ubongo. Hapo hakuna kombaini wala geti. Alikuwa amekasirika, na hasira yake ilikuwa ya haki.

Wamenitoa chupa nzima ya damu. Nilidhani wataimwaga. Wakaipima, muuguzi akaibeba haraka: kuna mama katoka kujifungua kwa kupasuliwa, anahitaji, na kundi letu ni moja. Kwa hiyo ujinga wangu umemfaa mtu. Sijui jina lake. Nimefurahi barabara nzima kurudi.

Dawa imesimamishwa mwezi mmoja. Halafu kipimo kidogo. Vichupa atavifungia Mama Neema.

Nimepita kwa Elibariki. Nimemwomba radhi mbele ya wale wale.

Jumatatu, 30 Juni

Bwana Tarmo kanipima. Asubuhi nzima kwenye mteremko, kombaini ikiwa tupu, kisha amekaa pembeni yangu kwa muda wa saa mbili aone kama nasinzia. Sikusinzia. Kichwa chepesi. Presha nzuri, Mama Neema kaandika.

Saa kumi orodha ikabandikwa. Nimesoma kutoka chini kwenda juu kwa woga. Sipo, sipo, sipo. Wa kwanza kabisa: Paskali, namba saba, kiongozi wa mstari. Elibariki kapewa namba nane, nyuma yangu.

Nimepiga kelele. Acha nipige. Veronika kasikia toka kambini tunakoishi.

Jumanne, 15 Julai

Ngano mpaka macho yanapoishia! Mashine kumi na mbili, moja nyuma ya nyingine kwa mshazari, na mbele yao mimi. Mwendo naamua mimi. Vumbi wanakula wao. Tangi limejaa, nimemwaga ngano kwenye lori huku natembea, sikusimama. Hakuna aliyenifikia leo. Hakuna.

Jumamosi, 2 Agosti

Elibariki kaja pembeni wakati wa chakula. Anataka kichupa kimoja, naye apate nguvu kama zangu. Aliuliza kwa kunong'ona.

Mimi nikamjibu kwa sauti. Nikamweleza kila kitu, matubwitubwi, makende, damu nzito, na vibarua wakisikia. Nikamwambia yeye ni mzima. Akijichoma, mwili wake utaacha kutengeneza homoni yake, na watoto anaowataka huenda asiwapate. "Mimi natibiwa. Wewe utajitia ugonjwa."

Hakuna aliyecheka. Fundi mmoja kauliza hospitali inafungua saa ngapi.

Jumapili, 17 Agosti

Shamba la mwisho limeisha jana saa tisa. Nikazima injini. Masikio bado yanavuma.

Nilimpelekea Bwana Tarmo funguo za namba saba. Hakupokea. Akasema nikae nazo nyumbani mpaka msimu ujao.

Sindano ni Ijumaa. Itakuwa hivyo mpaka nizeeke, na nimekubali.

Nimezitundika funguo kwenye msumari juu ya meza. Veronika kaziangalia kidogo, kisha akamimina chai.