Machungwa ya Soko la Lushoto

Shikamoo Baba,

Tazama picha kwanza. Ni soko la Lushoto la zamani sana. Muuza vitabu vikuukuu aliyeniuzia kadi hii anasema picha ilipigwa nyeusi na nyeupe, ikapelekwa Ulaya kuchapwa, na fundi wa huko akaipaka rangi kwa kukisia. Ndiyo maana vikapu vyote vimejaa machungwa!

Nilipomwonyesha mama anayeuza matunda sokoni, alicheka, halafu akanuna. "Machungwa ni ya Muheza! Hapa kwetu hizi ni plamsi." Akanipa moja, nyekundu, imeiva hasa. Nilipoing'ata, maji yakanichuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Nikakukumbuka kwenye kiwanda chako cha uchapaji, mikono imejaa wino, ukifoka: "Rangi haikisiwi!" Basi nimechovya kidole kwenye maji ya plamsi nikasahihisha kikapu kimoja kimoja. Kadi ikifika inanata, usiwalaumu watu wa posta.

Kikapu cha mwisho sijakigusa. Nikirudi nakuletea plamsi, ukipake mwenyewe.

Msalimie sana Mama. Baridi ya huku ni kali, lakini nacheka tu.

Mwanao,
Zaina